Ushindani wa Beatles na Beach Boys ulivyougeuza muziki wa roki

MNAMO Mei 1966, Bruce Johnston, mwanamuziki wa bendi ya Beach Boys kutoka California, alitua jijini London akiwa na nakala za santuri ambayo wakati huo ilikuwa haijaanza kuuzwa nchini Uingereza. Katika hoteli ya Waldorf alipokea wageni wawili waliokuwa na hamu kubwa ya kuisikia. Walikuwa John Lennon na Paul McCartney, watunzi wakuu wa Beatles. Santuri hiyo, iliyoitwa Pet Sounds, ilichezwa kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kisha, kama inavyosimuliwa, ikarudiwa tena.

Ukilitazama tukio hilo kwa jicho la biashara utalistaajabia. Muuza nguo wa Gikomba hamwiti mwenzake wa kibanda cha pili aje akague mzigo mpya kabla wateja hawajauona. Bendi hizi mbili zilikuwa zikiwania wasikilizaji wale wale na nafasi zile zile katika chati, na nchini Marekani hata kampuni iliyouza santuri zao ilikuwa moja, Capitol Records. Licha ya hayo, mmoja wao alivuka bahari na kazi bora ya bendi yake, akaiweka mbele ya mahasimu waisikilize hadi watosheke.

Tukio hilo linaeleza, kuliko takwimu zozote za mauzo, namna ushindani unavyoubadilisha muziki. Bendi haibadiliki kwa sababu tu imeuza santuri chache kuliko nyingine. Hubadilika pale mtunzi anapoisikiliza kazi ya mshindani wake kwa makini kuliko shabiki yeyote, akatambua jambo ambalo hakujua kwamba linawezekana, kisha akarudi studio akiwa hawezi tena kujisingizia kwamba hakulisikia. Kipindi cha kati ya Desemba 1965 na Juni 1967 kinatoa mfano bora wa jambo hilo. Kinaonyesha pia kwamba mashindano ya namna hiyo yanaweza kumdhuru anayeshindana.

Kwa wakazi wa pwani ya Kenya habari ya vikundi kushindana si ngeni. Mapema katika karne ya 20, vikundi vya ngoma ya beni mjini Mombasa, miongoni mwao Kingi na Scotchi, vilikabiliana kwa sare, ala na nyimbo, kila upande ukitaka kuupiku mwingine mbele ya macho ya mji mzima. Tofauti ni kwamba hao walikutana uwanjani. Beatles na Beach Boys walitenganishwa na bahari ya Atlantiki, na waliloweza kujibizana nalo lilikuwa santuri pekee.

Beach Boys waliundwa mwaka 1961 katika mji wa Hawthorne, karibu na Los Angeles. Walikuwa ndugu watatu, Brian, Dennis na Carl Wilson, binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine. Nyimbo zao za awali zilihusu mawimbi ya bahari, magari na wasichana, nazo zilipambwa kwa sauti zilizopangwa kwa ustadi wa kwaya. Brian, kifungua mimba wa familia, ndiye aliyetunga, aliyepanga sauti, na ambaye punde si punde alianza pia kusimamia kazi ya kurekodi. Kijana huyo alikuwa karibu kiziwi wa sikio la kulia. Hiyo ni sababu mojawapo iliyomfanya apendelee kurekodi kwa mkondo mmoja wa sauti, hata wakati ambapo teknolojia ya sauti za pande mbili ilikuwa imeanza kuenea.

Kabla ya Beatles kuvuma, Brian alikuwa tayari na mtu wa kumwonea gere. Huyo alikuwa mtayarishaji Phil Spector, aliyekuwa akiwasonganisha wanamuziki wengi katika chumba kidogo cha studio ya Gold Star mjini Los Angeles hadi ala zao zikayeyukiana na kutoa mvumo mmoja mnene. Brian alipousikia wimbo Be My Baby redioni mwaka 1963 akiwa anaendesha gari, ilimbidi aegeshe kando ya barabara. Baadaye alihamia katika studio hiyo hiyo na kuwakodi wanamuziki wale wale. Hapo tayari tunaiona tabia iliyomtawala maisha yake yote: kila aliposikia kitu kilichomzidi, alitaka kujua kilivyotengenezwa.

Beatles walitua New York mnamo Februari 7, 1964. Siku mbili baadaye, watazamaji wapatao milioni 73 waliwaona katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan. Beach Boys, waliokuwa fahari ya Capitol, waligundua kwamba nyumba yao wenyewe ilikuwa na mgeni anayependwa kuwaliko. Mwezi Desemba mwaka huo, Brian alishikwa na hofu kuu ndani ya ndege iliyokuwa ikielekea Houston, akalia na kupiga mayowe mbele ya wenzake. Hakudumu katika ziara baada ya hapo. Aliamua kubaki Los Angeles atunge na kurekodi huku wenzake wakizunguka duniani kutumbuiza. Johnston, yule aliyepeleka santuri London, alijiunga na bendi mwaka 1965 ili kuziba pengo hilo jukwaani.

Uamuzi huo ulikuwa na matokeo ambayo pengine hakuna aliyeyatarajia. Bendi nyingi za wakati huo zilirekodi haraka kati ya ziara moja na nyingine. Beatles wenyewe walirekodi nyimbo 10 kati ya 14 za albamu yao ya kwanza kwa siku moja, Februari 11, 1963. Sasa Brian alikuwa na muda, wapiga ala stadi wa kukodi, na chumba ambamo angeweza kurudia kipande kimoja cha wimbo hadi kimridhishe.

Ndipo ikaja Rubber Soul, albamu ya Beatles iliyotolewa Desemba 1965. Brian aliisikiliza akapigwa na butwaa. Hadi wakati huo, albamu ya muziki wa vijana ilikuwa kapu la nyimbo mbili au tatu zilizovuma, pamoja na nyingine za kujazia nafasi. Rubber Soul ilimfanya ahisi kwamba nyimbo zote zilikuwa za ukoo mmoja, na kwamba hapakuwa na hata moja iliyowekwa kwa kujaza. Aliapa kwamba naye angetengeneza albamu ya namna hiyo, tena bora zaidi.

Kuna kichekesho katika kisa hicho. Rubber Soul aliyoisikia Brian haikuwa ile waliyoipanga Beatles. Kampuni ya Capitol ilikuwa na mazoea ya kuzikatakata albamu za Uingereza kabla ya kuziuza Marekani. Kutoka kwa nyimbo 14 ilitoa nne, ikaongeza mbili zilizokuwa zimebaki katika albamu ya awali, Help!, na kuifungua santuri kwa mojawapo ya hizo mbili, wimbo mwepesi wa gita lisilo la umeme. Matokeo yake yalikuwa albamu tulivu yenye ladha moja kuliko ile ya London. Umoja ambao Brian aliustahi, na ambao ulimfanya abadili mwelekeo wa maisha yake, kwa kiasi fulani ulikuwa kazi ya makarani wa kampuni.

Miongoni mwa nyimbo zilizoondolewa ulikuwamo wa George Harrison, If I Needed Someone, ambao nao una nasaba yake katika ushindani. Roger McGuinn wa bendi ya Byrds ya Los Angeles alimwona Harrison akipiga gita la nyuzi 12 katika filamu ya mwaka 1964, A Hard Day's Night, naye akaenda kununua la aina hiyo. Mlio wa gita hilo ukawa ndio utambulisho wa Byrds. Harrison aliposikia jinsi McGuinn alivyokuwa akilipiga, alitunga wimbo wake kwa kuigiza mtindo huo. Gita lilivuka bahari mara mbili, na kila lilipovuka lilirudi na kitu kipya.

Brian alianza kazi ya Pet Sounds kwa dhati mwezi Januari 1966. Badala ya kutafuta mtunzi wa mashairi miongoni mwa wanamuziki, alimchukua Tony Asher, kijana aliyekuwa akiandika matangazo ya biashara. Aliwaita studio wapiga ala wengi wa kukodi, wakiwemo mpiga ngoma Hal Blaine na mwanamke stadi wa gita la besi, Carol Kaye. Alichanganya fidla na filimbi na kengele ya baiskeli na makopo matupu ya soda. Mwishoni mwa wimbo wa mwisho aliweka sauti ya gari-moshi likipita na mbwa wake wawili wakibweka.

Hata hivyo, mapinduzi makubwa zaidi hayakuwa katika mbwa wala kengele. Yalikuwa katika besi. Kwa kawaida, wapiga ala wanapopiga kordi, yaani noti kadhaa za muziki kwa pamoja, gita la besi hupiga ile noti ya msingi inayoipa kordi jina lake. Huo ndio ukuta ambao nyumba huegemea. Brian mara nyingi aliliagiza besi lipige noti nyingine iliyo ndani ya kordi hiyo hiyo. Wimbo basi huning'inia, usikanyage chini hadi yeye atakapotaka ukanyage. Msikilizaji wa kawaida hajui ni nini kimefanyika, ila anahisi majonzi au shauku isiyotulia. Mpiga besi hulijua mara moja, na miongoni mwa waliokuwa wakisikiliza katika hoteli ya Waldorf alikuwemo mpiga besi wa Beatles, McCartney.

Nchini Marekani albamu hiyo, iliyotolewa Mei 16, 1966, haikupokelewa kwa shangwe. Ilifika nafasi ya 10 katika chati, nafasi ambayo bendi nyingine ingeishukuru lakini ambayo Capitol iliiona kuwa dalili ya kushindwa. Haikupita miezi miwili, kampuni hiyo ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za zamani za Beach Boys, kana kwamba inawaomba wateja radhi. Uingereza hali ilikuwa tofauti. Pet Sounds ilifika nafasi ya pili, na waliokuwa wakiisifu zaidi walikuwa wanamuziki wenzao. Mtu aliyekuwa akiitangaza bendi hiyo wakati huo, Derek Taylor, aliwahi kuwa msemaji wa Beatles.

Jibu la London halikukawia. Mwezi Juni, McCartney alirekodi Here, There and Everywhere, na yeye mwenyewe ameeleza mara kadhaa kwamba aliutunga akiwa bado na mwangwi wa Pet Sounds kichwani. Wimbo huo uliingia katika albamu ya Revolver, iliyotolewa Agosti 5, 1966. Oktoba, Beach Boys walitoa Good Vibrations. Wimbo huo wa dakika tatu na nusu ulikuwa umerekodiwa vipande vipande kwa muda wa miezi, katika studio nne tofauti, kisha vipande hivyo vikaungwa kwa kukata na kubandika kanda. Ulishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Mwishoni mwa mwaka, wasomaji wa jarida la New Musical Express la London waliwachagua Beach Boys kuwa kundi bora la waimbaji duniani, mbele ya Beatles. Kushindwa nyumbani kwako, kwa kura za watu wako, ni jambo lisilosahaulika upesi.

Wakati huo Beatles walikuwa tayari wamechukua hatua ambayo Brian aliichukua miezi 20 kabla yao. Agosti 29, 1966, walitumbuiza katika uwanja wa Candlestick Park mjini San Francisco, na hilo ndilo likawa tamasha lao la mwisho la kulipiwa kiingilio. Kuanzia hapo walikuwa bendi ya studio. Mwezi Novemba walianza kurekodi Strawberry Fields Forever, utunzi wa Lennon. Walirekodi matoleo mawili yenye mwendo na kimo tofauti cha sauti, na Lennon, ambaye hakujishughulisha na mambo ya ufundi, akasema anapenda mwanzo wa moja na mwisho wa jingine. Mtayarishaji George Martin na fundi Geoff Emerick walibadili kasi ya kanda hadi zikalingana, wakaziunganisha. Wimbo wa vipande kama Good Vibrations, ila kwa njia nyingine.

Kazi hiyo ya miezi mitano ilizaa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, iliyotolewa rasmi Uingereza Juni 1, 1967. Mashine za studio ya Abbey Road zilikuwa na mikondo minne tu ya sauti, na ilibidi mafundi wahamishe sauti kutoka mashine moja hadi nyingine ili kupata nafasi. Katika A Day in the Life waliingiza wanamuziki 40 wa okestra. McCartney alikuwa na mazoea ya kurekodi besi peke yake baada ya ala nyingine zote, ili apate uhuru wa kulifanya liimbe. Amekiri kwamba ni Brian aliyemfunza kwamba besi linaweza kuimba. Martin naye alisema waziwazi kwamba bila Pet Sounds, Sgt. Pepper isingalikuwapo, kwani waliitengeneza wakijaribu kuifikia.

Kwa nini Beatles waliweza kuubeba mzigo huo na Brian akaangushwa nao? Swali hili ni la maana zaidi kuliko lile la nani alishinda. Jawabu moja ni kwamba ndani ya Beatles mlikuwa na ushindani mwingine, wa karibu zaidi na wenye afya. Lennon alipoleta Strawberry Fields Forever, wimbo juu ya mahali alipochezea utotoni Liverpool, McCartney alijibu kwa Penny Lane, juu ya mtaa wa mji huo huo. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumpinga na kumsahihisha siku hiyo hiyo, katika chumba kile kile. Juu yao alikuwepo Martin, aliyesomea muziki na kujua kuandika noti za okestra. Upande wa pili wa bahari, Brian alikuwa mtunzi, mpangaji, mtayarishaji na mwimbaji, akishindana peke yake na watu watano.

Albamu aliyokuwa akiitayarisha iliitwa Smile. Aliitunga pamoja na mshairi Van Dyke Parks, kwa mtindo wa vipande alioujaribu katika Good Vibrations, ila safari hii vipande vilikuwa vya albamu nzima na vingeweza kupangwa kwa njia chungu nzima. Capitol ilichapisha majalada zaidi ya 400,000 na kuitangaza santuri kabla haijakamilika. Brian aliendelea kurekodi na kupangua. Mwezi Novemba 1966 aliongoza kurekodiwa kwa kipande cha muziki kuhusu moto, akawavisha wapiga ala kofia za wazimamoto. Aliposikia kwamba jengo lililo karibu na studio liliungua siku zile zile, aliingiwa na hofu kwamba muziki wake ndio uliowasha moto, akakiweka kipande hicho kando.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Beatles ndio waliomvunja. Ukweli una pande nyingi. Mike Love hakuyaelewa mashairi ya Parks wala hakuficha, na Parks akajiondoa. Bendi iliishtaki Capitol kuhusu malipo. Brian alikuwa akitumia dawa za kulevya, na ugonjwa wa akili ambao ungemwandama maisha yake yote ulikuwa umeanza kujitokeza. Lakini waliokuwa karibu naye wamesimulia kwamba alipousikia Strawberry Fields Forever ndani ya gari mapema mwaka 1967, alisimama kusikiliza kisha akasema kwamba wenzao wamekwisha kufika kule alikokusudia kwenda. Yeye mwenyewe baadaye alikana kwamba wimbo huo ulimkatisha tamaa. Mwezi Aprili McCartney alimtembelea studio mjini Los Angeles na kumpigia She's Leaving Home, wimbo wa Sgt. Pepper ambao bado ulikuwa haujatolewa. Mwezi uliofuata ilitangazwa kwamba Smile imeachwa. Septemba, Beach Boys walitoa albamu ndogo, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa nyumbani kwa Brian, na kuanzia hapo uongozi wake katika bendi ukafifia.

Sgt. Pepper ilipokaa kileleni mwa chati ya Marekani kwa majuma 15, bendi nyingine nazo zilihisi kwamba zinadaiwa jibu. Rolling Stones walikuwa na uhusiano wa kale na Beatles. Mwaka 1963 Lennon na McCartney waliwapa wimbo, I Wanna Be Your Man, wakaumalizia kuutunga pale pale mbele yao, na kitendo hicho kiliwafungua macho Mick Jagger na Keith Richards kwamba nao wanaweza kutunga. Hilo ni tunda jema la ushindani. Lakini mnamo Desemba 1967 walitoa Their Satanic Majesties Request, albamu iliyojaa vikorokoro vya sauti, ikiwa na jalada lililopigwa na mpigapicha yule yule wa Sgt. Pepper. Wahakiki wengi waliiona kuwa vazi la kuazima. Stones walikuwa wameiga sura ya kazi ya Beatles bila kupitia njia iliyowafikisha huko. Mwaka mmoja baadaye, katika Beggars Banquet, walirejea kwenye bluzi, asili yao, na wengi huihesabu albamu hiyo kuwa mwanzo wa kipindi chao bora. Yamkini walihitaji kupotea ndipo wajue nyumbani ni wapi.

Karibu miaka 30 baada ya hapo, Uingereza ilishuhudia mashindano ya aina nyingine kabisa. Agosti 14, 1995, Blur na Oasis walitoa santuri za wimbo mmoja mmoja siku ile ile, baada ya upande wa Blur kusogeza tarehe yao ili wakutane ana kwa ana. Magazeti na hata taarifa za habari za televisheni ziliyageuza kuwa pambano la kusini na kaskazini, la wasomi na wana wa wafanyakazi. Blur waliuza nakala zipatazo 274,000, Oasis 216,000. Lakini ukiziweka nyimbo hizo mbili, Country House na Roll with It, ubavu kwa ubavu, hutasikia kokote kwamba mmoja alikuwa amemsikiliza mwenzake. Zilishindana dukani tu. Waandishi wa habari walipata kichwa cha habari, na muziki ukabaki pale ulipokuwa.

Mabadiliko yalikuja baada ya kelele kutulia, na yalimfuata aliyeshindwa. Katika pambano la muda mrefu huyo alikuwa Blur, kwani Oasis waliendelea kuwa bendi kubwa kuliko zote nchini humo, wakijaza watu 250,000 kwa siku mbili huko Knebworth mwezi Agosti 1996. Mpiga gita wa Blur, Graham Coxon, alichoshwa na mbwembwe za umaarufu, akageukia bendi ndogo za Marekani zenye sauti ya kukwaruza kama Pavement. Albamu ya Blur ya mwaka 1997 ilikuwa kavu na yenye makelele, na wimbo wake wa dakika mbili, Song 2, uliwafikisha Marekani ambako nyimbo zao za Kiingereza safi hazikuwa zimepenya. Mwaka huo huo Oasis walitoa Be Here Now, albamu ndefu yenye magita yaliyorundikwa juu ya magita. Iliuzwa kwa kasi ya ajabu siku za kwanza, kisha ikageuka mfano wa bendi iliyokosa mtu wa kuiambia ipunguze. Mwezi Machi 2013, Noel Gallagher wa Oasis alipanda jukwaani na Coxon na Damon Albarn wa Blur katika ukumbi wa Royal Albert Hall, wakapiga pamoja wimbo wa Blur.

Brian Wilson alingojea muda mrefu zaidi. Mnamo Februari 2004, akiwa na umri wa miaka 61, alipanda jukwaani London, jiji la mahasimu wake wa zamani, akaitumbuiza Smile kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Royal Festival Hall. Baadaye mwaka huo aliirekodi upya studio, miaka 37 baada ya kuiacha. Kile kipande kuhusu moto, ambacho alikizika kwa hofu mwaka 1966, kilikuwamo, na mwaka 2005 ndicho kilichompa Tuzo ya Grammy ya kwanza maishani mwake. Aliaga dunia Juni 11, 2025.